Kipimo cha CO₂ cha mkononi (mwisho 9,999 ppm): kazi yake Goma

Nyota tatu kati ya tano, zote za kazi ya shambani. Kwa kumlinda mtu na mazuku (mabonde na mashimo yanayojaa CO₂, yaani kabonidioksidi, kiasi cha kuua), hakipati hata moja.

Ni vile vipimo vidogo vya mwanga wa infraredi, vya chini ya dola 100, ambavyo namba kwenye kioo chake zinaishia 9,999 ppm (sehemu za CO₂ katika kila sehemu milioni za hewa). Hewa ya kawaida ina karibu 420. Watafiti wanaopulizia mimea CO₂ mahali pa wazi, kama kule Illinois, Marekani, kwenye soya, hulenga 550 hadi 600: hufungulia mabomba ya upande upepo unakotoka, na wastani wa kila dakika hautakiwi kupotoka zaidi ya asilimia 20. Kwa namba za kiasi hicho kipimo hiki kinatosha. Ukitaka kuona gesi inavyotambaa kutoka kwenye ufa wa lava hadi matuta ya maharage upande wa Lac Vert, ziwa dogo karibu na Goma, kitakuonyesha.

Shida ni kimo chetu. Goma, mashariki mwa Kongo, iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, shinikizo la hewa ni dogo, na kipimo kilichopangwa kwa usawa wa bahari husoma pungufu kwa asilimia 15 hivi: 420 inatokea 355. Watu hubonyeza kitufe cha kusawazisha, namba inarudi 420, wanaridhika. Kumbe vifaa vingi vinaongeza tu 65 kwenye kila namba; penye 2,000 bado kitaandika karibu 1,750. Nunua chenye nafasi ya kuingiza kimo.

Zima pia usawazishaji wa kujiendesha. Huo huchukua namba ya chini kabisa ya siku kadhaa na kuiita hewa safi. Kikilala wiki nzima chumbani, au bondeni penye gesi, kinaharibika kimyakimya.

Kipimie hivi: kifunge kwenye fimbo ya mita mbili, simama upande upepo unakoelekea (pumzi yako ina karibu 40,000 ppm, inatosha kuvuruga kila kitu), subiri dakika tatu kila kituo. Pima sentimita 10, kisha 50, kisha 150 kutoka ardhini. CO₂ ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo alfajiri bila upepo tofauti ya vimo hivyo ni kubwa mno. Saa sita mchana upepo wa ziwa ukishaamka, karibu inapotea. Mawimbi ya sekunde chache usiyatafute, hewa inaingia polepole kupitia vitundu.

Kikiandika 9,999, rudi nyuma. Hiyo ni asilimia moja tu, na mazuku hupita 10. Namba haipandi tena hata ukizidi kushuka shimoni.

Mvua ikinyesha usikivishe mfuko. Kata chupa ya maji, ifunike juu, chini pabaki wazi.