Kadi ya POST na mazabodi yangu ya 486: uzoefu wangu

Kadi ya POST, yaani kifaa kinachoonyesha ukaguzi ambao kompyuta hujifanyia inapowashwa umefika wapi, haina makuu. Upande mmoja ina meno ya sloti ya ISA, upande wa pili ya PCI (aina mbili za sloti za kuchomeka kadi kwenye bodi kuu), na katikati kuna kidirisha cha tarakimu na safu ya taa ndogo. Kompyuta inapowaka, BIOS, programu ya kwanza inayoiamsha, hutuma namba ya kila hatua ya ukaguzi kwenye poti 80h (anwani ya kutolea namba hizo), na kadi huionyesha. Wengi huinunua kwa ajili ya namba hizo. Mimi naithamini zaidi kwa taa zake.

Mazabodi yangu, yaani bodi kuu ya kompyuta, yenye prosesa ya Intel 486DX2 ya megahezi 66, ilikuwa imekufa kabisa: feni ya pawasaplai inazunguka, skrini nyeusi, spika kimya. Nilishaamini prosesa imeungua, hata nikaanza kutafuta nyingine. Nilipochomeka kadi, taa zote nne za umeme ziliwaka, za volti +5, -5, +12 na -12, kwa hiyo pawasaplai nikaiacha. Namba hazikuja. Ila taa ya riseti, ambayo hutakiwa kumulika mara moja na kuzimika, ilibaki inawaka. Maana yake prosesa ilikuwa imezuiwa isianze kazi, hata amri ya kwanza ya BIOS haijaisoma. Huwezi kuihukumu prosesa ambayo haijaruhusiwa kuanza!

Nikaigeukia betri, ile ya nikeli-kadimi ya volti 3.6 inayolehemiwa jirani na tundu la kibodi. Ilikuwa imevuja. Majimaji yake ni ya alikali, hula njia za shaba polepole huku juu ukiona ukungu wa kijani tu. Niliing'oa, nikasugua kwa siki, nikasuuza, nikamalizia kwa alkoholi. Kisha nikafuata kwa multimita njia ya waya wa rangi ya chungwa kutoka pawasaplai, ule unaoiarifu bodi kwamba umeme umetulia. Njia ilikuwa imekatika, ndiyo maana riseti haikuachia. Nililehemu waya mwembamba kuiunga.

Nikawasha. Taa ya riseti ikazimika na namba zikaanza kukimbia! Furaha yake siwezi kuieleza, kwa sababu namba ya kwanza tu inatosha kukuambia kwamba prosesa inasoma BIOS na kutekeleza amri.

Zikasimama kwenye C1. Hapa ndipo kadi iliponiudhi. Kijitabu chake kimechanganya jedwali za AMI na Award, watengenezaji wawili wa BIOS, na namba moja hubeba maana tofauti kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo jioni nzima nilifuata jedwali lisilo langu. Soma kwanza stika iliyo juu ya chipu ya BIOS. Yangu ilikuwa Award, na kwake C1 ni utambuzi wa memori. SIMM (vijibodi vya memori) za pini 30 hubeba biti 8 kila moja, na 486 inataka 32, kwa hiyo zote nne lazima zishike. Nilisafisha meno yake kwa ufutio, bodi ikapita.

Kasoro nyingine ni kubwa zaidi: kadi haina bamba la chuma la kuielekeza, hivyo kwenye ISA inaweza kuingia kinyume na kuunguza bodi. Hakikisha mwelekeo kabla ya kuwasha, kila mara.

Kwangu ni kifaa cha kwanza kushika. Betri mpya nimeiunganisha kwa waya na kuifunga ukutani mwa kasha, mbali na shaba.