Meneja wa mikataba au wakili wa nje: mkandarasi amtegemee nani?

Wakili wa nje huitwa mara mbili: kabla ya kusaini, na mgogoro ukishalipuka. Meneja wa mikataba yupo katikati, miezi yote ya kazi, na fedha nyingi za mkandarasi hupotelea hapo hapo katikati.

Chukua mkataba wa ujenzi wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la 1999. Kifungu cha 20.1 kinampa mkandarasi siku 28, tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio, kumpa mhandisi anayesimamia mkataba kwa niaba ya mwenye mradi notisi ya madai. Akichelewa, hapati muda wa nyongeza wala malipo ya ziada. Tuseme saiti ilitakiwa kukabidhiwa tarehe 3 Machi, ikabaki imefungwa. Meneja anaandika barua ya ukurasa mmoja yenye tukio, tarehe na kifungu, anaipeleka kwa mkono kabla ya 31 Machi na kurudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakili atasikia habari hiyo Julai. Hata awe hodari vipi, amechelewa.

Ila meneja asijifanye wakili. Vifungu vya fidia kabla ya kusaini, na shauri likifika kwa wasuluhishi, ni kazi ya mwanasheria.

Kwa kampuni yenye kazi mbili ndogo kwa mwaka, mshahara wa meneja ni mzigo. Mhandisi wa saiti mwenye jedwali la tarehe za notisi, bima na dhamana ya utekelezaji anatosha, mradi alifungue kila Jumatatu.