Chaneli za elimu ya ujinsia mtandaoni: kijana aangalie ipi?

Kama una mtoto wa miaka 11 hujui aanzie wapi, mpe AMAZE. Ni katuni fupi fupi, zilianza Marekani 2016, mashirika matatu yaliungana kuzitengeneza kwa ajili ya watoto wa miaka 10 mpaka 14, na wanaongelea vile vitu sisi wakubwa tunavizungukazunguka, hedhi, ndoto nyevu, ridhaa, hata mtoto akikutana na picha za ngono kwenye simu afanyeje. Ninachozipendea hazimtishi. Mafundisho mengi yanaanzia kwenye magonjwa yanaishia kwenye mimba, mtoto anatoka hapo anauogopa mwili wake na kuuliza hathubutu tena.

Ila kijana wa miaka 17 katuni haimtoshi, ana maswali yanayofuata. Huyo nampeleka Sexplanations ya Lindsey Doe, ipo tangu 2013, huyu mama mambo haya ya ujinsia kayasomea mpaka shahada ya udaktari na anataja viungo kwa majina yake bila kupepesa macho. Halafu kuna Hannah Witton wa Uingereza, yeye sio daktari ila 2018 alifanyiwa upasuaji wa utumbo akabaki na mfuko wa kinyesi tumboni, na akaongea waziwazi kuhusu mapenzi ukiwa na mwili wa hivyo, jamani hicho kitu darasani nani anakufundisha?? Mwishoni mwa 2023 akatangaza anaacha, iliniuma kweli.

Sasa shida inaanza hapa. Kijana anamwamini mtu kwa sababu kamzoea, anamuona kila siku chumbani kwake kwenye simu, kwaiyo siku huyo mtu akisema achana na vidonge vya kuzuia mimba we hesabu siku za hatari tu, anamfuata. Na hizo siku hazitabiriki kihivyo, mbegu za kiume zinaweza kuishi mwilini mwa mwanamke mpaka siku 5, na kwa wasichana wadogo mzunguko unaweza kuwa wa siku 21 au ukafika 45 na bado ni kawaida, sasa binti wa miaka 16 anahesabu nini hapo? Vidio za namna hii TikTok zipo kibao na wanaoziweka wanaongea kwa kujiamini sana.

Na mitandao yenyewe haisaidii. Vidio ya kufundisha kuvaa kondomu inaweza kufungiwa umri au kunyimwa pesa za matangazo, ndo maana wengine wanaandika neno ngono kwa herufi za kuficha, matokeo yake kijana anayetafuta kwa neno sahihi hawapati wale wanaofundisha vizuri.

AMAZE nyota 5. Sexplanations 4, vidio nyingine ni za watu wazima, pitia kwanza mwenyewe. Hannah 4, za zamani bado zinafaa. Hao wa hesabu siku nyota 1, na mwanao akizileta msizime simu, kaeni mziangalie wote umuulize huyu anayeongea kasomea nini na anauza nini.