Uzoefu wangu: sura ya Linux Mint 22.1 katika steshenari inayotazama jua

Windows 10 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta za mezani katika steshenari yangu hapa Sinza zilikuwa bado nzima, ila hazina TPM 2.0, kipande cha usalama ambacho Windows 11 inakihitaji. Kwenda Kariakoo kununua nyingine kwa sababu hiyo pekee sikuona mantiki, kwa hiyo nilizihamishia kwenye Linux Mint 22.1, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, katika toleo lenye eneokazi (yaani upau, menyu na madirisha) liitwalo Cinnamon. Habari za kasi, printa na virusi zimeandikwa sana na wengine, nami sitazirudia. Ninachotaka kukieleza ni jinsi mfumo huu unavyoonekana kabla mtu hajagusa mpangilio wowote, kwa sababu wateja wangu hawatagusa kamwe. Anayekuja kujaza fomu ya Bodi ya Mikopo hukaa nusu saa, akalipa, akaondoka. Tena huingia kwa akaunti ya mgeni, ambayo mfumo huifuta mtu anapotoka, na anayemfuata hukutana upya na kila kitu kama kilivyotoka kwa watengenezaji. Kwa watu hao, chaguo-msingi ndilo chaguo lote.

Kwa ujumla sura hiyo imetulia. Upau uko chini, menyu iko kona ya kushoto, saa iko kulia, na vitufe vya kufunga na kushusha dirisha viko pale ambapo mkono wa mtu aliyezoea Windows 7 huvitafuta. Hilo si jambo dogo. Ubuntu, ambayo ndiyo msingi wa Mint, ilivihamishia vitufe hivyo kushoto mwaka 2010 na haikuvirudisha kulia hadi toleo la 17.10 la Oktoba 2017. Kwa muda wote huo kila mgeni alilazimika kujifunza upya jambo ambalo, kwa maoni yangu, halikumwongezea urahisi wowote wa kazi.

Tatizo la kwanza ni mwanga. Steshenari yangu, kama nyingi za mtaani, haina ukuta wa mbele bali mlango mpana wa chuma unaokaa wazi tangu asubuhi hadi usiku, na kuanzia saa tisa alasiri jua la magharibi huingia mpaka kaunta. Mandhari ya Mint-Y, yaani mtindo wa rangi na maumbo ya madirisha ambao Mint huja nao, iliyojengwa juu ya mandhari nyingine iitwayo Arc, inapenda kijivu: mistari inayotenganisha sehemu za dirisha ni myembamba na imefifia, na vitufe ambavyo bado haviwezi kubonyezwa karibu vinapotea kabisa. Watengenezaji wenyewe wamekwisha kulishughulikia jambo hili mara moja, kwani katika toleo la 19.1 la Desemba 2018 waliikoleza Mint-Y ili maandishi yasomeke vizuri zaidi. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya kurasa za wavuti zisomeke na watu wote, hutaka uwiano wa mwanga wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake, lakini huvisamehe vitufe visivyobonyezeka. Msamaha huo mimi siukubali, kwa sababu mteja anayeitumia programu kwa mara ya kwanza anahitaji kujua kwamba kitufe anachokitafuta kipo, ila bado hakijawa tayari.

Nilijaribu pia upande wa giza, ikiwemo mandhari ya msingi ya Cinnamon 6.4, ambayo katika toleo hili imesanifiwa upya ikawa nyeusi zaidi, yenye rangi zinazotofautiana kwa ukali na kona za mviringo. Usiku inapendeza kweli, hasa ikiambatana na mwanga wa usiku ulioongezwa katika Cinnamon hiyo hiyo, ambao hupunguza ubluu wa skrini. Mchana ni habari nyingine: skrini nyeusi hugeuka kioo, na mtu anayechapa barua huona bodaboda zikipita nyuma yake kuliko anavyoiona barua. Vijana wa chuo huisifu sana, lakini wao huja jioni. Nimeishia kwenye mandhari nyeupe na mwanga wa skrini uliopandishwa hadi mwisho.

Lililonigusa zaidi, hata hivyo, ni upau wa chini. Tangu toleo la 19.1, Mint yenye Cinnamon huja na upau wa kisasa, mweusi na mnene, ambao hukusanya madirisha yote ya programu moja chini ya aikoni moja isiyo na jina. Kwa mtu mwenye kivinjari na muziki tu, mpangilio huo ni safi na hauna lawama. Dada anayechapa hapa dukani hana maisha ya namna hiyo. Saa nne asubuhi anaweza kuwa na mkataba wa pango, barua ya maombi ya kazi, kumbukumbu za kikao cha VICOBA na kadi ya mchango wa harusi, zote katika programu ya kuchapia ya LibreOffice Writer, na wenye kazi hizo wote wamesimama mbele yake wakisubiri. Akitaka kuurudia mkataba, inabidi apeleke mshale kwenye aikoni, asubiri vijipicha vijitokeze, halafu alinganishe kurasa nyeupe zinazofanana zikiwa zimedogoshwa. Jina la faili, yaani kitu pekee kinachozitofautisha kazi hizo kwa haraka, limefichwa hadi aliombe. Mtu asidhani ni udhaifu wa Linux pekee: Windows 11 nayo ilitoka Oktoba 2021 bila njia ya kuonyesha majina ya madirisha kwenye upau wake, na njia hiyo ilirudishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko mengi. Ninavyoona, wasanifu hupima uzuri wa upau kwa picha ya eneokazi tupu, ambapo majina huonekana kama uchafu, ilhali upau huanza kufanya kazi pale ambapo eneokazi limejaa.

Kwa bahati nzuri Mint haikuutupa mpangilio wa zamani. Dirisha la makaribisho humruhusu mtumiaji kuchagua kati ya upau wa kisasa na ule wa kawaida, na katika ule wa kawaida kila dirisha hupata kitufe chake chenye jina. Kasi ya kaunta ilibadilika siku hiyo hiyo.

Mengine ni madogo. Herufi za ukubwa wa 10 ni ndogo kwa wazee wanaokuja kuchapa barua za mirathi; nimezikuza kidogo kwenye ukurasa wa fonti na hakuna kilichoharibika. Upau wa kutembezea ukurasa ni mwembamba mno kwa mtu asiyezoea kipanya, lakini ukurasa wa mandhari una sehemu ya kuuongezea upana. Aikoni za folda ni nzuri, na sina la kusema juu ya picha ya nyuma ya skrini.

Ninachokihoji ni mpangilio wa maswali. Dirisha la makaribisho linaanza kwa kumwonyesha mtu safu ya rangi achague aipendayo, ilhali ukubwa wa maandishi, ambao ungeamua kama mama wa miaka sitini ataweza kusoma fomu yake, umewekwa ndani ya mipangilio ambako yeye hatafika. Swali moja la ukubwa wa herufi, lenye sentensi ya mfano inayokua na kupungua, lingefaa zaidi kuliko rangi zote hizo.

Kwa upande wangu, kijana wa TEHAMA aliniandikia chaguo-msingi mpya za mfumo mzima kupitia dconf, hifadhi ya mipangilio ya mfumo: upau wenye majina, herufi kubwa na mandhari nyeupe. Sasa hata akaunti ya mgeni hufunguka ikiwa hivyo, na kompyuta yenye RAM ndogo kuliko zote nimeipa toleo la Mint lenye Xfce, eneokazi jepesi zaidi, ambalo upau wake una majina ya madirisha tangu mwanzo.