Hita ya maji ya lita 80: achana na kioo, angalia chini

Haya wadau, karibuni tena. Leo tanki liko mezani, halijapanda ukutani, na nimeliacha hapa makusudi. Lita 80, la umeme, la kutundika wima. Rangi, kipenyo, dhamana, hayo yote yameandikwa kwenye boksi, mtajisomea. Mimi nina kitu kimoja kinanikera na kimoja kinanifurahisha.

Kero kwanza: hiki kioo cha kugusa. Kinawaka buluu, kinaunganishwa na Wi-Fi, na bei inapanda kwa sababu yake. Toleo lisilo na kioo ni tanki lilelile, koili ileile ya kuchemshia maji! Hiyo tofauti mpe fundi umeme akuvutie laini ya peke yake, yenye ethi na swichi inayokata umeme ukivuja. Ingawa… sawa, kupanga saa ya kuwaka kuna faida, maana koili ya kilowati 2 inachukua karibu saa mbili kupandisha lita 80 kutoka nyuzi 20 hadi 60. Lakini taimari ya ukutani inayohimili mzigo huo ingeifanya kazi hiyohiyo. Basi, kioo kina afadhali kidogo. Kidogo tu.

Sasa njooni huku chini. Mnaona sahani hii iliyoshika koili? Pembeni yake kuna nati, iko peke yake. Hapo ndipo hita hii iliponifurahisha. Natia spana… imekaza… haya, imelegea. Navuta. Tazameni urefu wa hii fimbo, bado inatoka tu! Hii ni anodi ya magnesi. Tanki ni la chuma, ndani limepakwa enameli, na enameli haikosi vitundu. Maji yangekula chuma kupitia vitundu hivyo, sasa yanakula magnesi kwanza. Mbuzi wa kafara.

Na hii hapa imetoka kwenye tanki kuukuu. Kimebaki kiwaya cha katikati na maganda meupe. Ikishafika hivi, kinachofuata kuliwa ni tanki lenyewe, na tanki likitoboka halizibiki, ni kununua jingine. Ifungue uitazame kila mwaka au miwili. Kwenye matanki mengi niliyowaonyesha hapa, anodi imefungwa kwenye sahani ya koili, kwa hiyo kuitazama tu lazima ufungue nyaya, koili na mpira wake. Nani atafanya hivyo? Hakuna.

Lakini subirini. Nalisogeza tanki juu ya hili kabati, kama mafundi wengi wanavyopenda kulibana. Navuta fimbo… imegonga. Haitoki! Uzuri wote umekwisha kwa sababu ya sentimita chache. Kwa hiyo kabla ya kutoboa ukuta, pima fimbo, ongeza nafasi ya spana na mkono, ndipo uweke alama. Ukuta wenyewe uwe imara: maji peke yake ni kilo 80, ongeza chuma, unapita kilo 100. Ubao wa jasi hauliwezi.

Kisha lisiwe mbali na bafu. Bomba la shaba la milimita 22 linabeba kama lita 3 kila mita 10, na yote hayo yakishapoa ndani ya bomba unayamwaga ukisubiri ya moto.

Najua kuna atakayesema, "Si uweke ya papo kwa papo tu, ile inayochemsha maji yakipita?" Fanya hesabu. Lita 6 kwa dakika, uzipandishe nyuzi 20, unahitaji zaidi ya kilowati 8. Kwa volti 230 hiyo ni kama ampea 36. Waya wa soketi za kawaida hauna ubavu huo. Kama ni bafu moja, maji ya kuingia hayana baridi kali na waya mnene umeshavutwa, sawa, mimi sina ugomvi nayo. Haina hata tanki la kuoza.

Kingine kilichoniudhi: valvu ya usalama imo kwenye boksi, hosi yake haimo. Lita 80 zikipanda hadi nyuzi 60 zinavimba kwa lita moja na kitu, kwa hiyo valvu ikidondosha maji wakati wa kuchemsha msishtuke. Ielekezeni kwenye mfereji, na msiizibe hata siku moja, presha ikikosa pa kutokea tanki linaweza kupasuka. Nyuzi 60 zenyewe msizishushe kiholela, bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji ya vuguvugu. Kuwalinda watoto wasiungue, weka valvu ya kuchanganyia maji moto na baridi kabla ya bomba la bafuni.

Kabla sijasahau, maikrofoni ni mpya, niambieni kama sauti imetulia. Wiki ijayo ni pampu-joto, mliiomba sana. Waliosabskraibu mtaiona mapema.

Haya, naikaza nati. Likishapanda ukutani, fungua koki ya maji moto bafuni, jaza tanki mpaka maji yatoke mfululizo bila upepo, ndipo uguse swichi. Koili ikiwaka tanki likiwa tupu inaungua muda huohuo, na dhamana haitakulipa.