Kidhibiti cha plagi za hita kwa dizeli kuukuu: kipi ununue, na kwa nini usiiamini taa ya dashibodi

Lalamiko ni lilelile kila asubuhi ya baridi: taa ya hita imewaka, imezimika, stata inazunguka vizuri, injini inatapika moshi mweupe na haishiki. Plagi za hita, zile zinazopasha silinda kabla ya dizeli kuwaka, zinabadilishwa zote, tabia inabaki. Mara nyingi kosa liko kwenye kidhibiti, kifaa kinachozipelekea umeme, na taa ndiyo inayolificha.

Kwenye magari mengi ya zamani taa hufuata saa ya taima ya kidhibiti. Haifuati umeme unaofika kwenye plagi. Pointi za rilei, yaani vyuma vinavyogusana ndani ya swichi ya umeme ya kidhibiti, zikiungua, taima bado itahesabu sekunde zake, taa itazimika kwa wakati, na plagi zitakuwa baridi kama zilivyolala. Pointi zikigandana ndiyo balaa zaidi. Taa imezimika, injini inatembea, plagi zinaendelea kuungua. Ncha zake huvimba, hazipiti tena kwenye tundu, na fundi akilazimisha spana, plagi zinakatikia ndani ya silinda hedi.

Kwa hiyo, chochote utakachonunua, ongeza taa ya pili. Vuta waya wa milimita 0.75 za mraba kutoka kwenye rilei, upande unaokwenda kwenye plagi, weka fyuzi ya ampea 2 mwanzoni mwake, kisha uupeleke kwenye taa ndogo ya dashibodi. Taa hiyo ikiwaka, umeme umevuka pointi. Ikiendelea kuwaka dakika kadhaa baada ya injini kushika, zima na uchomoe waya wa plagi.

Namba moja: taima ya Beru inayopima joto, ile iliyotengenezwa kwa injini yako. Upendeleo upo, na sababu zake zipo. Pointi zake zimeundwa kwa mzigo wa plagi, na muda wa kupasha hufuata ubaridi, hivyo plagi haziungui bure injini ikiwa na joto. Tazama namba ya sehemu, si umbo la soketi. Taima ya silinda nne kwenye injini ya silinda tano inaacha plagi moja bila njia ya umeme. Taima zinazorefusha kupasha baada ya injini kushika zinataka plagi zilizojengwa kwa kazi hiyo.

Namba mbili: kitufe cha kubonyeza na solenoidi ya kazi mfululizo, yaani rilei kubwa inayoweza kubaki imewashwa muda mrefu. Hapa ndipo wauzaji wanapokera kweli. Solenoidi ya stata na ya kazi mfululizo zinafanana kwa sura, na wengi wanauza ya stata kwa jina la hita, tena kwa bei ya juu. Ile ya stata imeundwa kwa sekunde chache tu. Ishikilie sekunde 20 kila asubuhi na koili yake itaungua. Omba kupima koili kwa mita kabla ya kulipa. Kwa mfumo wa volti 12, ya stata husoma takriban ohmi 3 hadi 5, ya kazi mfululizo husoma zaidi ya 10. Muuzaji akikukataza kupima, ondoka.

Chagua inayobeba angalau ampea 85 mfululizo kwa silinda nne. Plagi nne za volti 12 huvuta ampea 40 hadi 60 zikishatulia, na zaidi ya hapo sekunde za mwanzo. Ndiyo maana rilei ya kawaida ya ampea 30 au 40, ile ya taa na honi, haifai hata kwa siku moja. Waya wa kutoka betri uwe wa milimita 16 za mraba, na fyuzi ya ukanda ya ampea 80 ikae karibu na betri. Kitufe lazima kiruke chenyewe ukikiachia. Swichi ya kubaki siku moja itasahaulika ikiwa imewashwa.

Kosa moja linaua plagi mpya zote kwa mara moja: kutosoma volti zilizoandikwa mwilini mwake. Baadhi ya injini za Toyota hutumia plagi za volti 6 ambazo kidhibiti chake hupunguza umeme baada ya sekunde chache. Zipe volti 12 kwa kitufe, sekunde 15, zimekwisha.

Taima za bei rahisi zisizo na jina wala ampea kwenye kasha: achana nazo.

Ukishafunga, washa plagi na uweke mita kwenye boliti mbili kubwa za rilei. Mpya isome chini ya volti 0.2. Kisha pima kutoka chanya ya betri hadi kichwa cha plagi: isizidi 0.5. Ikizidi wakati rilei ni safi, kosa liko kwenye waya mwembamba au boliti yenye kutu. Ikiwa rilei yenyewe ndiyo inayokula volti, irudishe dukani siku hiyohiyo.