Fred Astaire na Ginger Rogers kwenye DVD: uzoefu wangu

Je, mkusanyo huu wa DVD unafaa kununuliwa? Nianze na jibu, maana najua wengi hulitafuta mwanzoni: nunueni. Mkusanyo nilionao una filamu tano kati ya kumi ambazo Fred Astaire na Ginger Rogers, waigizaji na wachezaji dansi wa Hollywood, walicheza pamoja. Ni Top Hat ya 1935, Follow the Fleet na Swing Time za 1936, Shall We Dance ya 1937, na The Barkleys of Broadway ya 1949. Nne za mwanzo zilitengenezwa na studio ya RKO, nazo ni nyeusi na nyeupe. Ya mwisho ni ya MGM, na katika zote kumi ndiyo pekee iliyopigwa kwa rangi.

Hadithi zenyewe ni nyepesi. Katika Top Hat, Dale (Ginger) anavutiwa na Jerry (Fred) lakini anadhani ndiye mume wa rafiki yake. Sentensi moja tu ingemaliza utata huo, ila hakuna anayeisema, na filamu nzima inasafiri hivyo kutoka London mpaka Venice, Venice yenyewe ikiwa imejengwa ndani ya studio. Mtu akilalamika kwamba kisa hakina uzito simbishii. Namwomba tu aangalie dansi, kwa sababu kisa chenyewe kiko huko.

Sisi tuliokulia kwenye filamu za Kihindi tumezoea wimbo unaoingia, wapenzi wakahamia milimani wakabadilisha nguo mara nne, kisha wakarudi pale tulipowaacha. Naupenda mtindo huo mpaka leo. Lakini kwa Astaire na Rogers, mtu huingia kwenye dansi na jambo moja moyoni akatoka na jingine. Tazameni ile ya mvua katika Top Hat. Wamejibanza kwenye kibanda cha bustani, Dale amevaa suruali ya kupandia farasi na hataki mazoea. Jerry anaimba, yeye amempa mgongo. Jerry anapoanza kutembea, Dale anainuka na kumfuata nyuma akiiga hatua zake, kwa kumkomoa. Jerry anaongeza hatua, Dale anaijibu. Mara radi inapiga, na wote wawili wanazunguka kwa kasi huku wamesahau kwamba walikuwa wanashindana. Wakimaliza wanaketi ukingoni na kupeana mikono. Busu hakuna. Tangu katikati ya 1934 studio za Hollywood zilibanwa na kanuni kali za maadili, na ninavyoona mimi, mapenzi yaliyozuiwa mdomoni yalitafuta njia ya miguuni.

Jambo jingine ni kamera. Astaire alishikilia kwamba dansi ipigwe mwili mzima, utosini hadi unyayoni, na isikatwekatwe. Hatua zenyewe alizitunga akisaidiana na mtunzi wa dansi Hermes Pan. Ukizoea video za siku hizi, ambapo kila sekunde mbili picha imebadilika, mara ya kwanza utahisi kitu kimepungua. Vumilia kidogo. Baada ya muda unaanza kuona pumzi zao, mabega yao, na jinsi mmoja anavyomsubiri mwenzake. Watu humsifu sana Fred, na anastahili, lakini mwangalie Ginger usoni. Yeye haachi kuigiza hata dansi ikiwa ngumu kiasi gani.

Gharama ya kutokata ni kwamba mmoja akikosea mwishoni, wote wanarudi mwanzo. Dansi ya mwisho ya Swing Time ilirudiwa mara 47, na miguu ya Ginger ikatoka damu. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Penny (Ginger) ameamua kuolewa na mwingine, na Lucky (Fred) hana la kusema tena. Wanatembea taratibu ukumbini, na huwezi kuonyesha kidole ni wapi kutembea kumegeuka dansi. Vipande vya dansi zao za nyuma vinarudi kimoja kimoja, vikiwa na uchungu safari hii. Wanapanda ngazi kila mmoja upande wake, wanakutana juu, Ginger anazunguka, anatoka mlangoni. Hakuna aliyelia, wala hakuna aliyeeleza chochote, na sijaona kuachana kulikochezwa vizuri kuliko hapo.

Filamu hiyohiyo ina sehemu inayoniumiza. Astaire amejipaka rangi nyeusi usoni katika onyesho la kumuenzi Bill Robinson, mchezaji mweusi mashuhuri wa Marekani. Ufundi wake ni mkubwa, hasa vile vivuli vitatu vinavyocheza ukutani nyuma yake. Lakini Robinson alikuwa hai, na mwaka 1935 tu alikuwa amecheza filamuni na Shirley Temple, nyota mtoto wa Hollywood. Heshima ya kweli ingekuwa kumpa jukwaa yeye mwenyewe. Mimi huiruka, na kama mnatazama na watoto, zungumzeni nao kwanza.

Kuhusu diski zenyewe, picha ni safi. Katika Top Hat utaona manyoya ya mbuni yakipeperuka kutoka kwenye gauni la Ginger wakati wa dansi ya wimbo Cheek to Cheek. Sauti ni ya zamani, ya njia moja, lakini mlio wa viatu unasikika vyema. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha hakuna, na mazungumzo yanakwenda mbio, kwa hiyo washeni yale ya Kiingereza. Kabla ya kulipa, angalieni kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imetengenezewa: diski za Marekani ni kanda namba 1, nasi Afrika Mashariki tuko namba 5, hivyo mashine yenu lazima iwe ya kusoma kanda zote. Na tafadhali, zuieni runinga isitanue picha ijaze kioo. Filamu hizi ni za umbo la karibu mraba, zikivutwa miguu inakuwa mifupi na minene, na miguu ndiyo tuliyoilipia.

Follow the Fleet naiona ndefu kupita kiasi, ingawa dansi yake ya mwisho ni nzuri mno. The Barkleys of Broadway nayo, ambayo Ginger aliingia kwa sababu mwigizaji Judy Garland, aliyepangiwa nafasi hiyo, aliugua, ina mazungumzo yanayochosha. Msiianze hiyo. Tazameni kwanza Shall We Dance, ambamo Fred anamwimbia Ginger kwenye kivuko wimbo wa ndugu wawili watunzi, George na Ira Gershwin, They Can't Take That Away from Me, na wimbo unaisha bila wao kucheza pamoja. George Gershwin alifariki Julai mwaka huohuo wa 1937. Dansi yao ya wimbo huo ilikuja miaka 12 baadaye, katika The Barkleys, na bila kuiona ile ya kivukoni mtaiona ni dansi nzuri tu kama nyingine.